Mlango wa Futari

Liège, 3 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Asalam alaykum. Kifua kimepoa? Na mguu je, ule wa klachi? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna masikio.

Kazi yangu ya shule sasa ni hii: nimeuchora mtaa wetu wa Nyakabiga ndani ya kompyuta, kila nyumba, kila ukuta, kila mtaro. Halafu namwaga mvua kule juu Kiriri na kutazama maji yanapita wapi. Siku hizi kule wamefunika nyua kwa simenti, udongo hauna nafasi ya kunywa. Yote yanatushukia sisi.

Baba, nimeyafuata yale maji kwa macho. Yanaingia kwanza kwa jirani yetu tanti Dévote, yanavuka ule mlango mdogo wa ukutani, ule aliokatisha marehemu mama ili sahani za futari zisizunguke barabarani. Yanafika kwetu, ndipo yanatokea getini kwenda bonde la mto Ntahangwa. Sebuleni yanafika magotini. Niliona chumba chako kimekuwa buluu, nikazima mashine nikatoka nje.

Masika haya nenda ukakae kwa shangazi Mwantum, Kamenge. Nakuomba. Picha inafuata hapa hapa kwenye simu.

Binti yako,
Saliha


Nyakabiga, 10 Februari

Saliha mutoto wangu,

Wa alaykum salam. Mi mzima kama injini mpya. Mguu unauma asubuhi tu, ukishapata moto unasahau.

Picha yako nimeionyesha gereji nzima. Sulemani, yule fundi wa kujenga, alidhani ni mapafu ya mutu, akanipa pole. Nikawaambia huyu ni binti yangu, anafundisha maji adabu huko Ulaya.

Kuhama, apana. We unajua unamwandikia nani? Mi nimelala chini ya lori njia ya Lubumbashi, simba wananusa matairi. Nimevuka Ruzizi daraja likiwa limeshaondoka. Leo maji ya magotini ndiyo yanifukuze kwangu?

Halafu hiyo akili umeirithi kwa nani? Maji yanapita mlango mdogo, si ndiyo? Basi nimeuziba, kwa mkono wa Sulemani. Matofali ya kuchoma, nondo, simenti ya kweli. Watu wanakuja kuutazama. Dévote kaniuliza mfungo ukifika sahani zitapita wapi. Nikamwambia getini, kama mabalozi. Mama yake, yule bibi asiyetoka tena kitandani, alisikia akacheka, anakusalimu.

Lala usingizi.

Baba yako,
Uthmani wa barabara zote


Liège, 12 Februari

Baba,

Natumaini umeamka salama na mguu haukusumbui.

Nimeuingiza ukuta wako kwenye mchoro, nikamwaga mvua ile ile. Kwetu ni pakavu kabisa. Kwa tanti Dévote maji hayana pa kutokea: nyuma kuna ukuta wa depo mpya, pembeni nyumba zimebanana, na mbele ndiko yanakoingilia. Ua unajaa kama beseni. Yanafika juu ya dirisha, Baba. Na bibi kitanda chake kiko chini ya dirisha hilo.

Sikukueleza vizuri. Mlango ule haukuwa unatuletea maji tu, ulikuwa unayatoa. Ubomoe ukuta. Acha yaingie kwetu. Kwetu yatalowesha, kule yataua.

Saliha wako


Nyakabiga, 19 Februari

Saliha,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mvua inachungulia tu.

Sasa binti, nibomoe ukuta ambao imamu mwenyewe ameupiga kofi akasema mashallah? Watasema Uthmani anajenga asubuhi, anabomoa jioni, kichwa kimekatika waya. Na kompyuta yako haijawahi kukanyaga tope la hapa.

Lakini sikufichi. Jana ilinyesha kidogo. Nilikaa barazani na kahawa yangu, nikasikia maji upande wa pili wa ukuta. Hayakuwa mengi. Yalikuwa yanakwenda, yanarudi, yanapapasa matofali. Kahawa ilipoa mkononi. Dévote alikuwa anayasukuma kwa ufagio. Hakunisalimu.

Sulemani yuko Rumonge kikazi. Akirudi tutaubomoa kwa adabu, polepole, watu wadhani tunaupamba.

Baba yako


Liège, 2 Machi

Baba,

Ramadhani karim, Mungu akupe nguvu ya kufunga. Nimeona mawingu kwenye picha za setilaiti, yamelala juu ya jiji zima. Usimsubiri Sulemani. Nyundo unayo gereji. Watu wacheke.

Saliha


Liège, 3 Machi

Baba, simu yako haiiti. Shangazi Mwantum anasema barabara imekatika, hawezi kushuka. Nafungua mchoro, naufunga, naufungua tena. Nitumie hata salamu tupu.

Saliha


Liège, 4 Machi

Baba?


Kamenge, 7 Machi

Saliha,

Ni mi. Simu ni ya shangazi yako. Niko mzima, mkono mmoja umefungwa.

Ilianza baada ya swala ya adhuhuri. Kwetu palikuwa pakavu, kama ulivyosema. Nilisimama uani nikitazama ule ukuta unatoa jasho. Halafu Dévote akaita kutoka ng'ambo. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Saliha, mama anaelea na kitanda."

Nilichukua nyundo. Nilijisifu ukuta ni wa kweli, na kweli ulikuwa wa kweli. Nilipiga, ukakataa. Nilipiga nikilia, nikimtukana Sulemani kwa kazi yake nzuri. Upande wa pili Sylvère, mume wa Dévote, alikuwa anapiga kwa chuma. Tofali moja lilitoka, maji yakanirukia usoni, halafu ukuta wote ukaja. Uliniangukia mkononi.

Bibi alipita pale pale zilipokuwa zikipita sahani, mgongoni kwa Sylvère. Alikuwa baridi kama samaki, lakini anapumua. Friji imekwenda. Kitanda changu nilikiona kinatoka getini bila kuaga.

Uliandika magotini. Ilikuwa kiunoni. Rekebisha.

Sasa tuko wote kwa shangazi. Bibi anakohoa, usiku na mchana namsikiliza. Jua likizama Dévote ananilisha, maana mkono. Hajasema neno juu ya ukuta. Ningependa aseme.

Na njia ya Lubumbashi sikulala chini ya lori. Nililala ndani, nimefunga vioo.

Leo mawingu yamesimama tena juu ya Kiriri. Mwaga mvua yako huko kwanza, halafu uniambie twende wapi. Tutakwenda.

Baba