Kipande Kilichotoka Kwenye Kopo la Maziwa

Mwalimu,

Kipande chetu cha plastiki kimepotea. Jumapili uliyopelekwa hospitali kilikuwa kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda chako. Alhamisi, siku ya kukuzika kijijini Mashewa, mkeo mama Neema alinifungulia kopo: tupu. Siku nne. Na tuliojua kilipo ni mimi na wewe.

Shikamoo ilipaswa ije kwanza. Hasira imenitangulia.

Amplifaya ya shemeji yako Mbelwa unaijua. Nimeifungua mara tatu kibandani kwangu Masuguru. Ile transista kubwa ya mgongoni inachemka, ikifika dakika arobaini sauti inakata. Siku ya mazishi yako ilipiga kwaya, wasifu na rambirambi, saa nne mpaka saa kumi, juani, haikukata. Nikapita nyuma yake kama naokota kitu, nikagusa. Zamani nikihesabu sifikishi mbili, naondoa kidole. Safari hii nilihesabu kumi na moja, kidole kimetulia. Mbelwa akacheka: "Fundi, leo huna kazi hapa!"

Kipande chetu kimo humo, Mwalimu. Amejuaje kilipo?

Saa za mkononi za plastiki sitini na tatu tulizifungua, Mwalimu! Zile zilizojaa madukani tangu bidhaa za nje ziruhusiwe, unanunua leo, inakufa kesho kutwa. Tulivunja vioo, tukakamua ule ute unaoandika namba. Ukasema unaitwa fuwele kimiminika. Mimi, darasa la saba wa Handeni, nikakucheka. Ukaniambia: "Fikiria katani. Ikivurugika, mkono haupiti. Ichane, inanyooka. Plastiki inazuia umeme vizuri, lakini na joto nalo linakwama humo. Tuichane, joto lipite."

Chanuo likawa sumaku ya spika mbovu. Tulichanganya ute na plastiki laini, ikakaukia juu ya sumaku, ute umejipanga ndani. Vipande ishirini na sita viliharibika. Kimoja kikafaa kukaa kati ya transista na bati la kupoozea. Ulitaka tukipeleke chuoni Dar, majina mawili, langu litangulie. Jina langu halijawahi kutangulia popote.

Mama Neema anasema Mbelwa alikuja Jumanne kuchukua waya. Waya tu? Lakini na wewe nakujua, kumnyima ndugu huwezi, hata ukiwa hospitali ungemwelekeza kilipo. Afadhali awe mwizi. Kama ulimpa wewe, basi...

Sijui.

Arobaini yako ni Jumamosi ijayo, na amplifaya ni ileile. Nitakuja na bisibisi. Kona ya kile kipande niliikata mwenyewe, nitaijua. Sumaku ninayo, saa mbovu nimeshafikisha kumi na tisa. Nitatengeneza kingine, na jina lako litakuwepo, uwe ulinigeuka au hukunigeuka. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Mwalimu wangu. Ila kabla ya saa nne asubuhi Jumamosi, kabla sijalegeza skrubu ya kwanza, njoo hata ndotoni unijibu: ulimpa, au alichukua?