Maji ya Kuoga ya Mzee

Jumapili jioni. Mawingu yameshuka hapa Kambi Muru, na mimi naogopa.

Sijawahi kukanyaga shule. Jana nimeonyeshwa: mimi nasema, simu inaandika. Ikikosea, vumilieni.

Kesho napasuliwa jicho. Mzee wangu ni soja, analinda lango la ploti ya watu huko Kawangware, na analala huko huko. Akinipigia simu anaongea kama mtu anayefukuzwa: mko salama, haya. Kwa hivyo Ijumaa nilimwomba jirani yangu Mama Brayo amwandikie kwamba naogopa.

Jibu lilikuja refu. Mama Brayo alinisomea mlangoni, sauti ameilegeza, na wanawake waliokuwa wakifua wanasikia. Malaika wangu, usiogope, roho yangu iko kando yako. Wakacheka, wakaniita bibi harusi.

Nililia. Tangu anioe hajaniita malaika.

Halafu nikakasirika. Roho nitaishika wapi? Mimi nilitaka mkono.

Leo nikitoka kanisani nilienda kwake kwa miguu. Nilimkuta langoni na ile sweta niliyomfumia, kiwiko kimetoboka. Nikamuuliza, "Malaika ni nani?"

Akanitazama kama nimepotea njia. Yeye pia hajui kuandika. Humwambia mpangaji mmoja, kinyozi, naye ndiye huandika. Tukamwita, akatusomea tena, ule wa Mama Brayo na jibu lake. Mzee akauliza, "Na yale niliyokwambia mimi yako wapi?"

"Yapi, mzee?"

"Nakuja Jumapili jioni. Aniwekee maji ya kuoga."

Kinyozi akajikuna kichwa, akanigeukia mimi bibi kizee. "Sasa shosho, hayo ni maneno ya kumtumia mtu anaogopa?"

"Hayo ndiyo nilikuwa nangoja, baba."

Kumbe Ijumaa yote ni Mama Brayo na kinyozi waliokuwa wakibembelezana.

Mzee amebaki kumngoja mwenzake wa zamu. Lakini alinishika mkono mpaka barabarani, mbele ya wapangaji wote. Bado nausikia hapa kwenye vidole.

Sufuria iko jikoni. Maji yalishachemka, nimeyafunika, sasa nayachemsha tena. Mvua imeanza. Viatu vinapita nje, na si vyake.

Akivua buti zake hapo mlangoni, kesho naiweza.