Kasha la Kugusa

Jumatatu, 3 Machi

Miaka ishirini na saba gazetini, sasa mwaka wa pili makumbusho, nikiongoza watoto wa shule. Asubuhi walikuja wa soksi nyeupe, wale wa shule ya kulipia. Niliwatolea kasha la kugusa: kufuli la shaba, taa ya mafuta, jiwe la kusagia na chungu kilichoungwa kwa gundi. Vingine vyote viko nyuma ya kioo. Hivi vinne mtoto anaruhusiwa kushika. Kelele tupu. Vizuri.

Mchana, shule ya nyuma ya karakana ya mabasi. Mwalimu wao akauliza kasha liko wapi. Nikamwambia linatengenezwa.

Lilikuwa chini ya meza yangu!

Filimbi alisikia. Ni mwongozaji mwenzangu. Jina alipewa kwa sababu sauti yake inavuka kumbi tatu. Amekulia hukohuko karakana. Hakusema neno. Kwake, hiyo ni habari.

Jumanne, 4 Machi

Wakati wa chai. Filimbi: Shikamoo, Mama Gazeti. Marahaba. Kasha limepona? Limepona. Loo, hospitali gani hiyo, mgonjwa analazwa mchana na asubuhi anatembea!

Meza nzima ikacheka. Na mimi.

Baadaye, kando, akaniambia mengine. Tangu Novemba ameomba mara tatu kuwatolea kasha watoto wa kwao. Bosi wa idara ya elimu amekataa mara tatu: wale ndio waliovunja chungu. Mkataba wake unaisha mwezi huu, na ameambiwa suala la "kupendelea kwao" litaangaliwa.

Niachie mimi, nikamwambia. Nitachimba.

Nilijisikia vizuri mno nilipolisema hilo.

Jumatano, 5 Machi

Nimekaa na kitabu cha ziara toka asubuhi. Kila ziara ina saini ya mwongozaji, na alama ya vema kama kasha lilitoka.

Tangu Septemba, ziara arobaini na moja. Shule za sare nzuri ishirini na tatu, vema ishirini na moja. Shule za karakana na mitaa kama ile kumi na nane, vema mbili. Zote mbili za Filimbi.

Nafasi tupu kumi na sita, basi. Nilikuwa nawinda saini ya Bosi. Bosi haongozi ziara. Kumi na moja ni saini yangu.

Tano kati ya hizo ni za Septemba na Oktoba. Chungu kilikuwa bado kizima. Hakuna aliyenikataza kitu.

Nimehesabu upya mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Faili la chungu. Ripoti ya Novemba, mwandiko wangu. Bosi alinipa kazi hiyo kwa kuwa eti kalamu yangu haina makosa.

"Mpasuko umegunduliwa baada ya ziara ya shule ya nyuma ya karakana."

Kila neno ni kweli. Ila siku ile shule zilikuwa mbili. Asubuhi walikuwa soksi nyeupe, na niliyewaongoza ni mimi. Niliwaachia kasha dakika kumi nikatoka kupokea simu. Niliporudi nikafunga kifuniko bila kutazama ndani. Mchana Filimbi akawatolea watoto wa karakana, na alipolikusanya baada ya ziara akakuta ufa.

Mwandishi mwanagenzi angeniletea habari ya namna hiyo ningemrudishia mezani: nani mwingine alikuwepo? Sikujiuliza. Nilishawajua wavunjaji kabla chungu hakijavunjika.

Nyumbani nikamweleza dada. Aliyenipigia siku ile ni yeye. Alikuwa anashona kifungo, hakuinua macho. Kwa hiyo nimevunja chungu kwa simu? Kisha: huyo binti anajua? Bado. Basi kula haraka ulale, kesho una kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Filimbi, stoo, tukiwa tumekalia masanduku. Tarehe, simu, kifuniko, nafasi kumi na moja. Halafu nikaanza hotuba niliyoiandaa: kwamba Jumatatu kikaoni nitamsemea, nitaeleza alivyo hodari —

Akanikatiza. Usinisemee, Mama Gazeti. Mdomo ninao, na unajua unakofika. Wewe sema la kwako.



Kisha kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo: miezi minne nimekuwa nikiwaza ni mtoto yupi wa kwetu. Nikamshuku yule mrefu. Nikikutana naye mtaani namkazia macho. Na yeye sasa akiniona anavuka barabara.

Kama amenisamehe hakusema, na mimi sikuuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Kikao. Watu saba. Nikasimama, nikasoma masahihisho, kama tulivyokuwa tukifanya gazetini, isipokuwa kule tuliyaficha ukurasa wa mwisho. Shule mbili. Simu. Kifuniko. Hesabu zote, yangu kwanza.

Bosi: jamani, si kiliungwa? Chungu ndiyo, nikasema. Akapendekeza jina langu lisiingie kwenye kumbukumbu, kulinda heshima ya idara. Nikakataa.

Kisha nikakaa, nikafunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kusoma.

Filimbi akasema la kwake. Mawili tu: kasha litoke kwa kila shule na iandikwe kuwa utaratibu; shule ya karakana ialikwe wiki hii. Hakupandisha sauti. Kuhusu mkataba, Bosi atafikiri. Kuhusu kasha, tujaribu Alhamisi, atakuja kutazama mwenyewe. Kikiharibika kitu tutajua, akasema, akimtazama Filimbi.

Nikauliza: na kikiharibika mikononi mwa soksi nyeupe, tutajua pia? Mhasibu akapaliwa na chai. Bosi akaandika kitu.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia mwalimu wa kule. Nikamwambia lile kasha halikuwa linatengenezwa.

Akajibu: tulijua, mama. Watoto waliliona chini ya meza.

Wanakuja.

Alhamisi, 13 Machi

Saa tano kasoro. Naandikia gotini, benchi la ukutani. Watoto thelathini na wanne. Filimbi yuko mbele. Ufunguo wa kasha anao yeye. Bosi kasimama mlangoni, mikono nyuma.

Kufuli limezunguka, limerudi. Taa imerudi. Jiwe la kusagia wamelibeba wanne kwa mbwembwe, kama jeneza la mfalme. Vicheko. Hata mlangoni nimesikia kimoja.

Sasa chungu. Filimbi hakuanzia mstari wa mbele. Amemwita yule mrefu, aliyejificha nyuma ya wenzake. Mvulana anatazama mlango, anatazama mikono yake. Njoo mdogo wangu, Filimbi anamwambia. Mikono miwili. Haya, pitisha kidole hapa, unausikia ufa?

Anausikia. Anapitisha kidole mara mbili, polepole. Bosi amesogea hatua moja ndani.

Mvulana ameinua kichwa. Anauliza, kwa sauti ya kufika nyuma: nani alikivunja?

Filimbi hajibu. Sauti yote ile, na hajibu. Amenigeukia mimi, anangoja. Bosi anatikisa kichwa: hapana. Watoto thelathini na wanne wamefuata macho ya Filimbi hadi kwenye benchi langu.

Naweka kalamu chini, nasimama kujibu.