Chupa Yenye Jina la Kwetu

Kilimani, Nairobi
30 Agosti

Dada yangu mpendwa Stellah,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, hata kama si zote, na kwamba huko Naivasha wamekupunguzia zamu za kufunga maua kama msimamizi wenu alivyoahidi siku ya mazishi. Kile kikohozi je? Unakula? Usiniambie chai ni chakula. Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya hapo sisemi, maana ningekudanganya, na nimeandika ili niache kudanganya.

Utashangaa kwa nini zama hizi za simu nakuandikia barua kama watu wa kale. Kwa simu ungenikatiza uanze kunifariji, nami ningekubali kufarijiwa. Karatasi haina tabia hiyo.

Unakumbuka ule mpango wa utafiti wa sayansi wa likizo ndefu, uliouombea hadi ukafunga siku tatu? Walitaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili kutoka familia zisizojiweza. Fomu niliipeleka mwenyewe katikati ya jiji, kurasa mbili nzima za kueleza umaskini wetu, na niliueleza vizuri mno hadi nikaona haya kuzisoma tena. Tulichukuliwa kumi. Maabara iko Westlands, orofa ya sita, na vyumba wametupangia hapa Kilimani, wawili wawili, bafu lina maji ya moto. Wiki ya kwanza niliringa, sikatai. Nilivaa koti jeupe nikakutumia picha, ukajibu kwamba sasa nyumbani tuna daktari.

Mwalimu wetu, Dkt. Wangu, anachunguza sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye mahindi. Alitaka kila mmoja wetu alete kilo mbili kutoka kwao, ili tujifunze kupima kwa chakula chetu wenyewe. Nilikwenda nyumbani Ijumaa nikarudi Jumapili. Mama alifurahi sana nilipomweleza. Yale mahindi ya mwezi wa pili yalinyeshewa kabla hayajakauka, na hakuwa akiyaamini. Gunia alikuwa amelifunga na kuliweka kando, wakawa wanakula unga wa duka, leo upo, kesho haupo. Alisema hatayagusa mpaka mashine ya Nairobi iseme. Nataka ulishike hilo, Stellah. Mpaka mashine iseme.

Mashine ikasema. Kiwango kisichopaswa kuzidiwa ni kumi, na yetu yalisoma mbili. Omollo, mwenzangu wa Kibera ambaye mahindi yake aliyanunua sokoni kwa kuwa kwao hawana shamba, alipiga meza akasema, "Manze Kamene, nyinyi ndio mnakula fiti, sisi huku tunakulanga tu chenye tunapata." Nilicheka. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi nikampigia Mama, nikamwambia mahindi ni safi, wafungue gunia wale bila wasiwasi. Nilimsikia akimwita mwanao Kanini aje wamshukuru Mungu pamoja.

Yaliyofuata unayajua. Wiki ya tano macho ya Kanini yakawa manjano na tumbo likafura. Wiki ya sita tukamzika. Daktari alisema ni ini, akauliza mtoto amekuwa akila mahindi gani. Ndipo kaburini ulipomgeukia Mama mbele ya watu wote, ukamwambia kwamba amemlisha mwanao mahindi yaliyooza kwa ubahili wake, na kwamba asikuite mtoto wake tena. Mama, aliyemlea Kanini miaka minne wewe ukiwa kazini, alikaza leso yake tu. Tangu siku hiyo hupokei simu zake. Wazee hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako, kwa maana wakati ule mimi nilikuwa nimekushika mkono.

Sasa naomba usome polepole. Maagizo ya Dkt. Wangu yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi: chota juu ya gunia, katikati na chini, wala usichague hata punje moja. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini wewe na mimi hatukulelewa kumpelekea mgeni mahindi ambayo hayajachaguliwa. Tena tulikuwa tumeambiwa kwamba chupa zote kumi zitapangwa dirishani, kila moja na jina la mwanafunzi na la kijiji chake. Nikawaona wenzangu wakiikodolea macho chupa ya kwetu, imejaa punje nyeusi na za kijani. Umaskini wetu nilikuwa nimeshauandika kwenye fomu. Sikutaka uonekane tena kwenye chupa.

Basi Jumamosi Mama alipokwenda sokoni, nilikaa mlangoni na ungo nikachagua. Nilichukua punje nyeupe tupu, nzima, mpaka kilo mbili zikatimia. Kanini alinisaidia. Alikuwa akiziokota mbovu moja moja na kunionyesha, akisema hii mbaya, mama mdogo, na hii mbaya. Zile mbovu nilizirudisha guniani.

Asubuhi baada ya mazishi, kabla Mama hajalifukia gunia shimoni, nilichota tena, safari hii kama nilivyoagizwa. Maabarani yalisoma mia tatu na sitini. Nilikwenda kwa Dkt. Wangu nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama nyumbani kuna mtu bado anayala, kisha akavua miwani. Juzi wenzangu walipewa vyeti. Mimi sikwenda. Chupa yetu bado iko dirishani, nyeupe kuliko zote.

Nilimuuliza Mama kwa nini siku ile hakusema kwamba ni mimi niliyemwambia wale. Alijibu kwamba ulikuwa umeshampoteza mtoto, hakutaka umpoteze na ndugu siku hiyo hiyo. Yeye ni mzee, akasema, lawama anaweza kuibeba. Anadhani mashine ilikosea. Habari za ungo hajui. Wewe ndiwe wa kwanza kuzijua katika nyumba yetu.

Sikuombi msamaha, dada. Nimejaribu kuyaandika maneno yake mara tatu nikayakata, kwa sababu hayapo. Naomba jambo moja tu. Kila jioni saa kumi na mbili, akishafunga mbuzi, Mama hukupigia. Pokea.

Msalimie Cate na wote mnaokaa nao. Siku zote nilimalizia kwa kukuomba umpigie Kanini umpe salamu zangu, na mkono umefika hapa umesimama.

Mimi usinipigie. Anza na Mama.

Ni mimi mdogo wako,
Kamene