Ufunguo wa Chumba cha Sala

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu, na kwamba Mama bado anakukataza kupanda juu ya paa la kanisa, ingawa najua wewe si mtu wa kukatazwa ukakatazika. Mimi ni mzima, vidole tu ndivyo vilivyojaa matundu ya sindano.

Baba, wiki hii natembea kifua mbele. Acha nikusimulie kabla sijapasuka.

Hapa kiwandani, nyuma ya mashine za vifungo, kuna chumba kidogo tunachokiita chumba cha sala. Waislamu wana mikeka yao humo, Wakristo wana viti vyao vinne. Basi zikaanza kelele: hawa wanadai wale wamepitiliza muda, wale wanadai viti vimeburutwa juu ya mikeka. Meneja akapata pa kupenyea. Akatangaza kwamba siku hizi kila mtu ana mahubiri na adhana kwenye simu, kwa hiyo chumba kigeuzwe stoo ya vitambaa.

Weee! Damu ilinichemka. Nilisimama katikati ya mashine nikamwuliza kama simu yake ina mahali pa kupigia magoti. Watu walicheka, yeye hakucheka. Alisema tukielewana kabla ya Ijumaa kitabaki, tusipoelewana kwaheri.

Nilihangaika, Baba! Nikawakalisha pamoja fundi wa mashine, anayeswalisha wenzake, na mama wa pasi, anayeongoza maombi. Siku tatu wananuniana kama wake wenza. Mwishowe tukapanga saa, tukapigilia misumari ya kutundikia mikeka. Likabaki moja, nani ashike ufunguo. Kila upande uliukataa upande wa pili. Ndipo mama wa pasi akasema apewe Kidomo, yaani mimi, na fundi akaitikia hapo hapo. Watu mia mbili walinipigia makofi!

Sasa hapa kalamu inakuwa nzito. Utajiuliza Waislamu walimkubalije binti wa mchungaji. Hawakujua. Fundi alieleza mbele ya wote kwamba mimi sina upande, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniona nikisali, si kwa hawa wala kwa wale. Ni kweli, Baba. Mwaka wa tatu huu sisali. Ile kwaya niliyokuwa nakuandikia habari zake haipo. Nilikudanganya kwa kuuogopa uso wako.

Kama nitarudi kusali, sijui, ila uongo nimeuacha. Lakini kila asubuhi nafungua, nafagia, nakung'uta mikeka, napanga viti, vile vile ulivyonifundisha. Jana mama wa pasi aliniangalia akasema inaonekana nimelelewa kwenye nyumba ya ibada. Nilimjibu, tena kwa sauti ili na fundi asikie, kwamba baba yangu ni mchungaji, na sikuona haya hata kidogo.

Nakuomba, Baba, na wewe usione haya kunitaja mimi.

Msalimie sana Mama. Msomee yote, usiruke hata mstari.

Ni mimi mwanao, mshona kola,
Kidomo