Hurulaini Hakai Hapa

Baba Watoto,

Salamu zako zimefika. Watoto hawajambo, na kitinda mimba kang'oka jino.

Barua nzima unaniita hurulaini! Mama yako aliposomewa akaguna: "Hurulaini ni mwanamke wa peponi. Hazeeki wala haugui. Huyu mwanangu kamwandikia nani?"

Nilipokatwa titi la kushoto hospitalini, dada yako alikupigia simu. Hukuja. Sasa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Blauzi zangu zote nimezipunguza upande mmoja, kwa cherehani hii hii inayolisha wanao.

Huyo hurulaini wako mtafute hukohuko umwandikie. Hapa anakaa fundi cherehani, na ana kazi nyingi.

Ni mimi,
Mama Watoto