Ametangulia behewa gani?

Mwenzangu, siku ile baba alipotutoka, mfukoni mwa shati lake tulikuta tiketi mbili za treni. Daraja la biashara! Yake na ya mama. Mama akakataa katakata kuzirudisha.

Basi leo tumepanda. Mimi nimekata yangu, niko nyuma yake. Mama yuko dirishani, kiti cha pili kaweka kofia ya baba. Mtu akikisogelea tu, anamkazia macho.

Kaja mkagua tiketi. "Mama, mwenye kiti hiki yuko wapi?"

Mama kamjibu taratibu, "Ametangulia, mwanangu."

"Ametangulia behewa gani?"

Behewa gani!! Nimejiziba mdomo kwa mtandio.

Na mama, badala ya kumfafanulia, anasema, "Sijui. Hakuniaga."

Yule bwana katoka mbio. Punde si punde, kipaza sauti, treni nzima: "Abiria wa kiti namba nane uliyetangulia, tafadhali rudi. Mkeo anakusubiri."

ULIYETANGULIA, RUDI! Watu wakaanza kugeuza shingo kumtafuta baba yangu.

Mama kaduwaa. Halafu kacheka, mwenzangu, kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Hajacheka hivyo tangu siku ile. "Angerudi kweli," kasema huku anafuta machozi. "Baba yako hapitwi na chai ya bure."

Chai yenyewe imeletwa sasa hivi, vikombe viwili. Mama kamaliza chake. Anakunywa cha baba.